Usiyavuruge Maji ya Anayekuja Nyuma

Mazungumzo yetu ya juma hili yahusu jambo lililo mikononi mwetu kila siku, lakini ambalo mara chache husemwa mimbarani. Nalo ni maji ya kunywa ya watu wote: bomba la mtaa, kioski cha maji, tangi la shule, kisima cha ploti, na chemchemi ile ambayo majirani wote huchota. Twataka kuuliza: Je, tuwafundisheje watoto wetu kuyathamini maji hayo na kuyalinda?

Fungueni pamoja nasi kitabu cha nabii Ezekieli, sura ya 34, mstari wa 18 na wa 19. Hapo Mungu asema na kondoo walionona. Awauliza kama ni jambo dogo kwao kunywa maji safi, kisha kuyachafua kwa miguu yale yaliyobaki, hata kondoo wenzao wakose cha kunywa ila maji ya matope. Angalieni vizuri, ndugu zangu. Kosa la kondoo hao si kunywa. Kila kondoo ana haki ya kunywa. Kosa lao ni kwamba walipokwisha kushiba walimsahau anayekuja nyuma.

Hilo ndilo fundisho letu la leo, na lingine lote tutakalosema lategemea hilo. Mtoto akijifunza kumfikiria anayekuja nyuma yake bombani, amejifunza nusu ya amri ya kumpenda jirani. Asipojifunza, hata akikariri katekisimo yote, bado iko sehemu ambayo haijashuka moyoni.

MAJI YETU YAENDA WAPI?

Tuchukue mfano wa Tuwan, hapa kwetu Kitale. Nyumba zimesongamana, wapangaji ni wengi, na katika mitaa ya namna hii choo cha shimo cha huyu hakiko mbali na kisima cha yule. Kati ya mwaka 2001 na 2004, Baraza la Manispaa ya Kitale lililokuwako wakati huo, pamoja na shirika la ITDG ambalo sasa huitwa Practical Action, walikaa na wakazi wa Tuwan, Kipsongo na Shimo la Tewa ili kupanga pamoja namna ya kuitengeneza mitaa yao. Maji na vyoo vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoshughulikiwa. Twalitaja jambo hilo kwa sababu moja. Kazi ya namna ile yaweza kujengwa kwa mwaka na kuharibiwa kwa juma. Bomba laweza kung'olewa na kuuzwa kama chuma kikuukuu, uzio ukageuzwa kuni, na mfereji ukajazwa taka. Yanayojengwa kwa saruji hulindwa na watu, na watu hao kesho ni watoto wetu wa leo.

Tena watoto wajue kwamba maji hayaishii hapa. Mvua inyeshayo Mlima Elgon na vilima vya Cherangani hushuka kwa vijito vingi mpaka mto Nzoia. Mto huo hupita Webuye, ukateremka upande wa Mumias, ukafika Budalangi na kuingia katika Ziwa Victoria. Basi mtoto wa Tuwan anapotupa mfuko wa uchafu mtaroni, hudhani ameutupa mbali. Lakini hakuna mahali paitwapo mbali. Mvua ya jioni itauchukua mfuko ule kuelekea kwa mtoto mwingine, ambaye naye ametumwa na mama yake kuchota. Hali kadhalika kijana aoshaye pikipiki kijitoni. Mafuta na sabuni humtoka yeye, lakini hayatoki majini.

KISA CHA PAMPU YA LONDON

Labda mtu atasema, "Mchungaji, uchafu wa mtoto mmoja utadhuru nini?" Hebu tusikilize kisa cha kweli kilichotokea London, Uingereza, mwaka 1854. Mwishoni mwa Agosti kipindupindu kiliingia katika mtaa wa maskini uliokuwa karibu na barabara iitwayo Broad Street. Kwa muda mfupi watu zaidi ya 600 walikufa. Wakati huo wataalamu wengi walidhani ugonjwa huo huletwa na hewa mbaya. Daktari mmoja, John Snow, alikuwa na mawazo mengine. Alichunguza waliokufa walikuwa wakiishi wapi na kunywa maji ya wapi, akaona kwamba wengi wao walitumia pampu moja ya mtaani. Aliwaendea wakuu wa mtaa, na tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ile uliondolewa.

Sasa katika mtaa huo alikuwako kasisi kijana wa Kanisa letu la Kianglikana, jina lake Henry Whitehead. Yeye hakukubaliana na daktari. Aliwajua watu wake, maana alikuwa akiwatembelea wagonjwa na kuwafariji waliofiwa, na alianza kupita nyumba kwa nyumba akiuliza, akitumaini kuonyesha kwamba daktari amekosea. Lakini kadiri alivyouliza ndivyo alivyozidi kuona kwamba daktari alisema kweli. Mwisho alipata habari ya nyumba namba 40, iliyokuwa karibu kabisa na pampu. Humo mtoto mchanga aliugua kuhara kabla ya wengine wote. Mama yake aliosha nepi zake na kumwaga maji yale katika shimo la uchafu mbele ya nyumba. Shimo lilipochimbuliwa, ilionekana kwamba kuta zake za matofali zilikuwa zimeoza, na uchafu ulikuwa ukipenya mpaka kisimani.

Twaomba msimhukumu mama yule. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mama aliyechoka, mwenye mtoto mgonjwa, na hakuna aliyemfundisha. Hapo ndipo penye uzito wa jambo letu. Maji ya watu wote huharibiwa na wabaya wachache, lakini mara nyingi zaidi huharibiwa na watu wema wasiojua. Na asiyejua hatasaidiwa kwa kulaumiwa. Atasaidiwa kwa kufundishwa, na wakati mwema wa kufundishwa ni utotoni. Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi.

CHEMCHEMI SAFI, KIKOMBE KICHAFU

Turudi nyumbani. Wengi wetu tumeona chemchemi iliyokingwa. Mafundi huchimba mpaka jicho la maji, wakapanga mawe, wakafunika kwa udongo wa mfinyanzi uliokandamizwa, wakajenga ukuta wa saruji wenye bomba la kutokea maji. Upande wa juu huchimbwa mtaro wa kuyageuza maji ya mvua yasishukie chemchemini na samadi na taka. Kisha huwekwa uzio wa kuzuia ng'ombe, na hupandwa majani ya kushika udongo. Kwa njia hiyo maji hutoka chini ya ardhi mpaka mtungini bila kuguswa na mguu wala mkono.

Je, kazi hiyo yafaa kitu? Yafaa sana. Huko Busia, katika magharibi yetu hii hii, wataalamu wakiwa pamoja na Michael Kremer, ambaye mwaka 2019 alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, walifuatia habari za chemchemi karibu 200. Baadhi zilikingwa mapema, nyingine baadaye, ili zilinganishwe. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2011. Vijidudu vya kinyesi katika maji ya chemchemi zilizokingwa vilipungua kwa asilimia 66, na kuhara kwa watoto kulipungua karibu robo. Tumshukuru Mungu kwa saruji na mawe!

Lakini walipopima maji yaliyokuwa yamekaa nyumbani, waliona kwamba faida imepungua. Maji yalitoka chemchemini yakiwa safi, yakachafuka njiani na nyumbani. Nani aliyachafua? Ni mtungi uliooshwa kwa majani yaliyookotwa chini. Ni kikombe kilichozamishwa kwenye nyungu na mkono uliotoka chooni. Ni nyungu isiyofunikwa, kuku akapita juu yake. Hapo hakuna fundi wala diwani wa kulaumiwa. Hapo ni sisi na watoto wetu.

Kwa hiyo anayelinda maji analinda njia yote, tangu mlimani mpaka mdomoni. Na kwa kuwa katika nyumba nyingi watoto ndio watumwao kuchota, wao wameshika sehemu kubwa ya njia hiyo. Tusiwadharau. Mtoto wa miaka minane mwenye mtungi ni mtumishi wa afya ya nyumba nzima.

TUWAFUNDISHEJE?

Kwanza, tuwaonyeshe maji yatokako. Mtoto aliyezoea kuona maji yakitoka bombani hudhani bomba ndilo liyazaalo. Siku moja baada ya ibada, mwalimu wa Shule ya Jumapili na awachukue watoto mpaka kwenye chemchemi au kisima kilicho karibu. Awaonyeshe upande wa juu na wa chini. Aulize: Mvua ikinyesha, maji yatatoka wapi na kupita wapi? Choo kiko wapi? Choo chapasa kuwa upande wa chini wa kisima, tena kisipungue meta 30 kutoka hapo. Mtoto akiisha kuona mteremko kwa macho yake mwenyewe, hahitaji mahubiri marefu.

Awaonyeshe na miti pia. Miti ya kienyeji huhifadhi udongo na unyevu, lakini mikaratusi hunywa maji mengi, nayo haifai kupandwa kando ya chemchemi. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alipoipokea tuzo hiyo alikumbuka kijito kilichokuwa karibu na kwao alipokuwa mtoto. Alikuwa akimchotea mama yake maji, akayanywa pale pale, akajaribu kuyaokota mayai ya vyura akidhani ni shanga. Alipokua mtu mzima kijito kile kilikuwa kimekauka. Ona jinsi jambo dogo la utotoni lilivyokaa moyoni mwa mama huyo mpaka likawa kazi ya maisha yake. Mtu hulinda alichokipenda, na hupenda alichokijua kwa karibu.

Pili, tuwape watoto hesabu ya kufanya. Watege kikombe cha robo lita chini ya bomba linalovuja. Kikijaa kwa dakika moja, wahesabu wenyewe: saa moja ni lita 15, na siku nzima ni lita 360. Hiyo ni mitungi 18 ya lita 20. Kisha waulizwe: Ni nani angeibeba mitungi hiyo 18 kichwani? Na kama ingekuwa ya kununuliwa kioskini au kwa mwenye mkokoteni, ingekuwa shilingi ngapi? Mtoto aliyefanya hesabu hiyo hataliacha bomba wazi, wala hatapita akaliona limeachwa wazi na mwenzake.

Tatu, tuwafundishe mikono. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, baada ya kutoka chooni na kabla ya kugusa chakula au maji ya kunywa. Nyumba isiyo na bomba itoboe tundu dogo karibu na chini ya debe au mtungi mdogo, izibe kwa kijiti, na kuutundika karibu na choo. Maji ya kunywa yatiwe katika chombo chenye kifuniko, na yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu ambayo haina kazi nyingine. Yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa katika chupa. Mtoto mkubwa na apewe kazi ya kuitunza kata hiyo. Atawasumbua hata wageni, nasi tumsifu kwa kutusumbua.

Nne, tuwape dhamana badala ya fimbo peke yake. Wazazi wengi hutuambia, "Mchungaji, nimemchapa mtoto huyu kwa ajili ya kuchezea bomba, wala hasikii." Twaelewa uchungu wao. Lakini fimbo humfundisha mtoto kumwogopa mwenye fimbo, na mwenye fimbo akiondoka, mtoto hurudi kuchezea. Mtoto aliyekabidhiwa bomba ni mtu mwingine kabisa. Watoto wa ploti wapeane zamu: huyu afagie karibu na bomba asubuhi, yule aangalie kwamba limefungwa jioni, mwingine apeleke habari kwa mwangalizi likivuja. Jina la mwenye zamu liandikwe mahali pa kuonekana. Mtoto hupenda kuonekana kuwa anaaminiwa, maana ndivyo Mungu alivyotuumba. Katika Mwanzo 2:15 Adamu hakuwekwa bustanini kwa kukatazwa tu. Aliwekwa ailime na kuitunza.

Tano, tumpe anayekuja nyuma jina. Tusiseme tu, "Usichafue maji." Tuseme, "Nyanya wa nyumba ya mwisho atakuja kuchota hapa, naye miguu yamuuma, hawezi kwenda mbali." Tuseme, "Mtoto mchanga wa jirani atapikiwa uji kwa maji haya." Mtoto hawezi kuupenda umma, kwa sababu hajapata kuuona. Lakini nyanya anamwona.

NA SISI WAZEE?

Hapa hatuna budi kusema kweli. Mtoto hujifunza kwa macho kabla ya masikio. Kuna baba amwambiaye mwanawe asivunje bomba, na usiku yeye mwenyewe ameunganisha mpira kwa siri katika bomba la mtaa, jirani zake wakakosa. Kuna mwenye nyumba achimbaye choo juu ya kisima cha wapangaji kwa sababu hapo ndipo palipobaki nafasi. Kuna mama amwagaye maji ya nepi mtaroni gizani. Watoto wa nyumba hizo wamekwisha kufundishwa, tena wamefundishwa vizuri sana, lakini fundisho lenyewe ni baya.

Wala tusiwatwike watoto mzigo wa wakubwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, yasema kwamba kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Basi mtoto akilitunza bomba, hilo haliondoi deni la wenye mamlaka la kutia maji ndani ya bomba. Wazee wa kanisa na Umoja wa Akina Mama wasione haya kwenda pamoja, kwa heshima na kwa barua iliyoandikwa vizuri, kuuliza kwa nini mtaa fulani haujapata maji au kwa nini bomba lililopasuka halijatengenezwa. Kuwaombea wenye mamlaka na kuwakumbusha wajibu wao ni mambo yanayokwenda pamoja. Tena inafaa watoto watuone tukifanya hivyo, wajue kwamba maji ya wote husemewa na wote.

Kumbukeni habari za Isaka katika Mwanzo 26. Visima vilivyochimbwa siku za baba yake Ibrahimu vilikuwa vimezibwa na Wafilisti na kujazwa udongo. Isaka alivichimbua tena, akaviita kwa majina yale yale aliyoyatumia baba yake. Alipochimba vingine watu waligombana naye, kwanza Eseki, kisha Sitna. Hakupigana nao. Aliendelea mbele akachimba Rehobothi, ambako watu wote walipata nafasi. Twajifunza mambo mawili hapo. Kuharibu maji ya wengine si uovu mpya, na dawa yake tangu zamani ni mwana aliyefundishwa kisima cha baba yake kiko wapi na kinaitwaje. Je, watoto wetu wanajua ni nani waliojitolea kwa harambee kuchimba kisima cha shule yao, au kujenga ukuta wa chemchemi ya mtaa? Waambieni majina yao. Ni vigumu kutupa mawe katika kisima ukijua kwamba babu yako alitoa jasho lake hapo.

Mwisho, wapendwa, tukumbuke kwamba maji yale yale yanayochotwa bombani ndiyo tunayotia katika birika la ubatizo. Kanisa halina maji mengine. Siku tunapomleta mtoto abatizwe, sisi sote tuliopo huahidi kumlea katika njia ya Bwana. Ahadi hiyo yafika mpaka kwenye nyungu ya maji na mpaka kwenye mtaro ulio nyuma ya nyumba. Na Bwana wetu, katika Mathayo 10:42, asema kwamba hata mtu akimpa mmojawapo wa wadogo kikombe cha maji baridi, thawabu yake haitapotea. Basi kikombe hicho kiwe kisafi.

Juma hili, kila nyumba na ifanye jambo moja. Jioni, kabla ya sala ya nyumbani, mwulizeni mtoto wenu mdogo: "Baada yako, ni nani huchota pale?" Msikilizeni atakavyojibu, kisha mwombeeni pamoja naye mtu huyo kwa jina.

Na tuombe.

Ee Mungu, Baba yetu, wewe uliyewatolea watu wako maji mwambani, twakushukuru kwa kila chemchemi, kila kisima na kila bomba. Utusamehe tuliokunywa tukashiba tukawasahau wenzetu. Wape watoto wetu macho ya kumwona anayekuja nyuma, na mikono safi ya kumhudumia. Wape wenye mamlaka moyo wa haki, na sisi wazee utupe haya ya kufanya yale tunayowafundisha watoto. Kwa Yesu Kristo, Maji ya Uzima. Amina.